Visogo vya Kipa

Chuoni walimwita Kipa, uwanjani walimwita Kipa, na hata mama yake, ambaye jina hilo lilimkera kama kokoto ndani ya kiatu, alijikuta akilitamka alipokuwa na haraka. Alikuwa msichana mrefu, mwanafunzi wa mwaka wa pili wa uchoraji, mwenye viganja vipana vilivyozoea kudaka mipira. Siku mambo yalipoanza kwenda mrama alikuwa amesimama mbele ya meza ya mwalimu wake, mikono nyuma, akisubiri aambiwe la kuambiwa.

Mwalimu huyo wanafunzi walikuwa wamembandika jina la Bwana Mwanga, kwa kuwa hakuna somo alilomaliza bila kusema, "Tazameni mwanga, jamani, mwanga." Alikuwa fundi wa nyuso. Picha alizochora za wakubwa zilitundikwa katika ofisi nyingi za mji, kila mkubwa akimkodolea macho anayeingia kana kwamba amechelewa kazini. Asubuhi hiyo alizipanga rasimu za Kipa mezani moja moja, kwa sura ya mtu aliyegawiwa karata mbovu.

Ya kwanza ilikuwa kisogo cha mwanamke, nusu kimesukwa, nusu nywele zimesimama. Ya pili, kisogo kingine, na vidole vya msusi vikigawa nywele kwa mkia wa chanuo. Ya tatu, mgongo wa mchezaji wa mpira, fulana imelowa, shingo imeinama. Kisha kisogo. Kisha kisogo tena.

"Binti," alisema mwishowe, "hawa watu umewakosea nini hata wote wakakupa kisogo?"

Wanafunzi waliokuwa wakiosha brashi kwenye sinki wakaangua kicheko. Utani ulikuwa mzuri, na siku nyingine Kipa angecheka nao.

"Sijawakosea, Mwalimu. Ndivyo ninavyowaona."

"Uso ndio mtu. Kisogo ni mlango wa nyuma wa duka. Mteja gani anapitia huko?"

"Mimi ndiko ninakopitia."

Bwana Mwanga akavua miwani, akaifuta kwa ncha ya shati. Hakuwa mtu mbaya, na Kipa alilijua hilo. Mwalimu alikuwa ameshaona vijana wengi wenye mkono mzuri wakipotea kwa kuchezea mambo madogo. Akamkumbusha kwamba maonyesho ya mwisho wa mwaka yanakaribia, kwamba kila mwanafunzi atapewa ukuta wake, na kwamba kila mmoja atasimama mbele ya watahini aeleze kazi zake zimetoka wapi.

"Sasa wewe utamwambia nini mtahini wa nje? Kwamba mama yako anasuka na wewe unadaka mipira?"

"Ndiyo, Mwalimu."

"Hayo ni mambo ya kila siku, binti. Picha inataka jambo." Akazikusanya rasimu, akazigongagonga mezani zikae sawa, akamrudishia. "Niletee uso. Hata mmoja. Ukikosa, ukuta wako nitampa mwenye haja nao."

Kipa akazipokea. Akazitia mkobani, akatoka.

Ukweli ni kwamba alikulia nyuma ya watu. Saluni ya mama yake ilikuwa chumba kimoja kinachotazama barabara: viti viwili vya kuzunguka, kimoja kikiwa kimeacha kuzunguka zamani, kioo kirefu chenye ufa uliozibwa kwa gundi ya karatasi, draya iliyovuma kama nyuki waliochokozwa. Tangu udogo wake kazi ya Kipa ilikuwa kukaa kwenye kigoda nyuma ya kiti cha mteja, kuchambua rasta na kumpa mama yake fungu moja moja. Kutoka kigodani uso wa mteja hauonekani. Kinachoonekana ni kichwa, masikio, shingo na ule ukingo ambapo nywele zinakwisha na ngozi inaanza. Kabla hajajua kusoma alishajua kwamba shingo ya mwenye usingizi si shingo ya mwenye hasira, na kwamba mtu anayejitahidi asilie masikio yake hurudi nyuma kidogo. Akaanza kuchora kwenye vipande vya boksi vinavyokuja ndani ya pakiti za rasta, kwa sababu ndivyo vilivyokuwapo, na kwa sababu alipenda.

Alipokua, urefu wake ukampeleka golini, na huko nako akawa nyuma ya watu. Mpira ukiwa mbali, kipa hana la kufanya ila kutazama migongo. Beki wa kati wa timu yao, dada mwenye nguvu aliyekuwa akiuza vipuri vya pikipiki na ambaye wote walimwita Beki, alikuwa na bega la kushoto lililopanda kila alipoona hatari. Kipa aliliamini bega hilo kuliko macho yake mwenyewe. Alilichora mara nyingi kiasi kwamba angeweza kulichora akipika.

Hakuna aliyemwambia kwamba hiyo ni sanaa, na hakuna aliyemwambia kwamba si sanaa, mpaka mwaka huu wa pili ambapo kila mmoja aliambiwa achague jambo lake. Darasa likajaa mambo. Kulikuwa na tai waliokata minyororo, ngumi zilizoinuliwa, dunia inayolia machozi ya buluu. Kipa aliwatazama tai wale kwa heshima, lakini hakuwahi kukutana na tai. Visogo alikutana navyo kila siku ya Mungu.

Hata hivyo ukuta aliutaka. Akamwomba mama yake akae achorwe uso.

Mama yake akafunga saluni mapema, akaoga, akavaa gauni la kijani la shughuli, akajipaka poda mpaka shingoni, akaketi kwenye kile kiti kisichozunguka na kukaza taya.

"Mama, jilegeze."

"Nimejilegeza."

"Basi tabasamu kidogo."

Mama akatabasamu kama mtu anayepigwa picha ya kitambulisho huku jino linamuuma. Mwanamke ambaye kwa kawaida alianza kusema akifungua kufuli na kunyamaza akilifunga, jioni hiyo hakutoa neno. Kipa akachora alichokiona. Picha ilipokwisha kila kitu kilikuwa mahali pake, macho, pua, kidevu, gauni. Mama mwenyewe tu ndiye hakuwamo.

Bwana Mwanga alipoiona aliita darasa zima. "Sasa hii ndiyo kazi. Mnaona? Mnaona mwanga ulivyokaa kwenye paji la uso?"

"Ni poda, Mwalimu," Kipa akasema.

"Ni mwanga," Bwana Mwanga akasema, akampiga begani kwa furaha.

Kipa akasimama pale akipokea pongezi. Alikuwa amezoea kukaripiwa. Kukaripiwa hakukumtia doa. Lakini kusifiwa kwa kitu ambacho yeye mwenyewe alijua ni cha uongo kulimkaa vibaya, kama kuvishwa nguo ya mtu mwingine mbele za watu. Akairudisha picha nyumbani akikusudia kuigeuza iwe ubao wa kuchanganyia rangi. Mama yake akamnyang'anya mlangoni.

"Hii haiendi popote," Mama akasema, akinyoosha mkono kuitazama kwa mbali. "Hii itakaa juu ya kioo. Mtu akiingia ajue mwenye saluni ni nani."

"Mama, haifanani na wewe."

"Ndiyo maana naipenda."

Na picha ikapanda juu ya kioo, ikabaki huko ikiwakaribisha wateja kwa jino lake linalouma.

Kipa naye, kwa kujibu, akabandika visogo vyake kwenye ukuta wa pili, ule ulio nyuma ya viti, kwa vibanio vya nywele na uzi. Alisema anataka kuviona vyote pamoja kabla hajaanza kuvichora kwenye maturubai makubwa. Kusema kweli alikuwa na inda kidogo. Kama mwalimu hakuvitaka chuoni, vitatazamwa hapa.

Kulikuwa na mteja mmoja, karani wa posta, mwanamke nadhifu aliyevaa viatu vya kufunga na kuongea kwa sauti ya chini. Huyu alikuja asubuhi sana, kabla ya wengine, na kukaa kiti cha pembeni. Nyuma ya sikio lake la kushoto nywele zilikuwa zimekatika zisiote tena, pakabaki pahali peupe, laini, kama pa kichwa cha mtoto mchanga. Mama alijua namna ya kusuka mistari ipite juu ya pahali hapo na kupafunika, na katika miaka yote aliyomsuka hakuwahi kupataja.

Asubuhi moja karani aliketi, akafungua kilemba, akainua macho kwenye kioo. Kupitia kioo akauona ukuta wa nyuma. Akatazama kwa muda. Kisha akageuka na kiti kizima.

"Kile ni kichwa changu," akasema.

Kipa alikuwa kwenye kigoda akichambua rasta. Jambo la kwanza alilolihisi, na baadaye lilimwaibisha kulikumbuka, lilikuwa fahari. Mtu amejitambua kwa nyuma.

"Umejijuaje, dada?" akauliza karibu kwa kicheko.

"Mimi sijawahi kupaona hapo," karani akasema. "Napagusa tu. Mume wangu hajawahi kupaona. Mama yako peke yake ndiye anayepajua. Na sasa pako ukutani, mtu yeyote anayepita barabarani akichungulia dirishani anapaona."

"Lakini hakuna jina, dada. Hakuna atakayejua ni wewe."

"Mimi nimejua."

Mama alikuwa amesimama na chanuo mkononi. Kipa akainuka, akaibandua picha, akampa. "Ni kichwa chako, dada. Chukua." Karani akaikunja mara nne bila kuitazama tena, akaitia mkobani, akafunga kilemba chake na kutoka, nywele zake hazijaguswa.

Hapo Mama alipata maneno yake yote aliyokuwa ameyaweka akiba.

"Watu wananiletea vichwa vyao kwa sababu mdomo wangu umefungwa. Unafikiri wanafuata mistari? Wasusi wako tele mjini. Wanafuata mdomo uliofungwa. Wewe umeufungua mdomo wangu kwa penseli yako."

"Mama, sikukusudia."

"Ndiyo, hukukusudia. Hukuuliza pia."

Kipa akavibandua vyote, akavilaza juu ya droo, akatoka kwenda kukaa kwenye ngazi ya nyuma ambako mataulo ya saluni yalikuwa yakikauka. Alikuwa na haya, tena haya ya kweli, ya kuchoma masikio. Lakini katikati ya haya hiyo kulikuwa na kitu kingine kilichokataa kulala. Bwana Mwanga alisema kisogo si kitu, ni mlango wa nyuma. Kama si kitu, mbona yule dada ameondoka bila kusukwa? Mbona amekikunja na kukificha kama siri ya nyumba? Hakuna mtu anayekimbia kwa sababu ya kitu kisicho kitu. Kadiri alivyowaza ndivyo alivyozidi kuona kwamba mambo mawili yalikuwa kweli kwa pamoja: alimkosea karani, na mwalimu alikosea. La kwanza lilimtaka ainame. La pili lilimtaka asiiname hata kidogo.

Akaanza na la kwanza. Alikwenda posta, akapanga foleni pamoja na watu wenye vifurushi, akafika dirishani.

"Dada, nimekuja kuomba radhi."

Karani hakuinua macho. "Hapa tunapokea vifurushi."

"Najua. Nilitaka ujue sitaichora tena. Wala sina nakala."

Muhuri ukashuka kwenye kifurushi cha mtu mwingine, ukashuka tena. "Sawa," karani akasema. "Mwache anayefuata apite."

Hakusamehewa, na alitoka nje akijua hivyo. Majuma kadhaa yalipita ndipo karani aliporudi saluni, asubuhi yake ile ile, akamwomba Mama akigeuze kiti ili mgongo wake uwe ukutani. Tangu hapo kila Kipa alipomwona kwa mbali anakuja, alitoka mwenyewe kwa mlango wa nyuma bila kuambiwa.

Wateja wengine aliwauliza mmoja mmoja kama wanakubali wachorwe. Wapo waliokataa, na mmoja alimuuliza kama chuoni wamemkataza kuchora maua. Wapo waliokubali kwa masharti, mwingine akitaka apunguzwe unene wa shingo. Bibi mmoja mwenye nywele nyeupe pe, aliyekuja kuchanwa tu kwa kuwa hazikutosha kusukwa, alisema, "Chora, mjukuu wangu. Huko nyuma ndiko nilikobaki mzuri." Beki alipoulizwa uwanjani alishangaa kwamba kumbe kuna watu huomba. "Chora, lakini fulana iwe safi," akasema. Kipa akamwambia fulana itakuwa na jasho. Wakabishana kutoka kona hadi kona, na mwishowe jasho likashinda.

Kilichobaki kilikuwa kisogo kimoja ambacho hakuwahi kukichora, na hakukigundua mpaka Jumapili moja Mama alipoketi kwenye kigoda cha uani na kumpa chanuo. Msusi hujisuka kila pahali ila nyuma. Nyuma alisukwa na Kipa, na Kipa, kwa viganja vyake vile, alisuka kama mtu anayefunga mizigo. Siku zote aliifanya kazi hiyo akilalamika na kutaka iishe. Jumapili hiyo akatazama. Mama yake alikuwa na mvi chache zilizojikusanya pamoja upande mmoja. Alikuwa na mkunjo wa kudumu shingoni, wa kuinamia vichwa vya watu tangu ujana. Kichwa kilikuwa kimeelemea mbele kidogo, kimechoka, hakijitazamishi kwa mtu, na Mama alikuwa akiongea bila kupumzika kuhusu bei ya rasta, jirani na bomba linalovuja. Alikuwamo mzima mzima.

"Mama, naomba nikuchore hivi ulivyo."

"Nyuma?"

"Nyuma."

"Na ile ya mbele?"

"Ile ni yako. Hii ndiyo yangu."

Mama akainamisha kichwa asukwe vizuri. "Chora. Lakini mistari ikipinda usiseme nimejisuka mwenyewe."

Mistari ilipinda, na kwenye turubai Kipa akaichora ilivyopinda.

Siku ya maonyesho alifika mapema kuliko mlinzi. Aliyatundika maturubai yake, Beki na jasho lake, bibi wa nywele nyeupe, wateja waliokubali, na katikati, kubwa kuliko yote, kisogo cha mama yake juu ya kigoda cha uani. Alikuwa anapanda ngazi kunyoosha picha moja iliyoinama Bwana Mwanga alipoingia, suti imenyooshwa, kikombe cha chai mkononi. Akazunguka na macho ukutani, kulia, kushoto.

"Uso uko wapi?"

"Uko saluni, Mwalimu. Unapokea wateja."

"Binti, mimi sitanii. Mkuu wa chuo ameniuliza habari ya picha ile, nilimweleza ni kazi bora ya mwaka wa pili. Nenda ukailete. Toa hii ya katikati, weka ile."

"Sitaitoa."

Bwana Mwanga akaweka kikombe kwenye ukingo wa dirisha, polepole, ili kisimwagike. "Mwaka mzima nimekupigania. Kwenye vikao walimu wenzangu wanasema huyu mtoto hana jambo, mimi nasema ana mkono, mpeni nafasi. Sasa unaniweka wapi?"

Hilo Kipa hakulijua, na lilimgusa. Akashuka ngazi ili aseme naye wakiwa wamesimama sawa. "Asante kwa kunipigania, Mwalimu. Nasema kwa moyo. Lakini ile picha umeisifu wewe, mimi siwezi kuisimamia. Nikiulizwa imetoka wapi nitasema imetoka kwenye kuogopa kunyimwa ukuta."

"Alama natoa mimi."

"Najua. Toa unazoona zinafaa. Ukuta ni wangu mpaka jioni."

Mwalimu akachukua chai yake na kuondoka. Alipopotea mlangoni, Kipa akapanda tena ngazi, akainyoosha ile picha. Hakuondoa kitu.

Watahini walifika kwake baada ya chakula cha mchana. Mtahini wa nje alikuwa mwanamke mfupi mwenye viatu vya ngozi vilivyolika kisigino, na hakuwa na sura ya kucheka. Bwana Mwanga alisimama pembeni, mikono kifuani. Mama alikuwa amefunga saluni akaja, akajibanza nyuma ya umati, akiwa na gauni la kijani. Beki na nusu ya timu walikuwa wameingia na viatu vya mpira wakakatazwa, wakavua, wakasimama na soksi.

"Eleza kazi zako zimetoka wapi," mtahini akasema.

Kipa alikuwa ameandika maelezo akayakariri, maelezo yenye maneno makubwa aliyoyaokota maktaba. Alipofungua kinywa hakuyakuta.

"Mama yangu ni msusi, na mimi nadaka mpira," akasema. "Zimetoka huko. Sina kwingine. Niliambiwa hayo ni mambo ya kila siku, na ni kweli. Ndiyo mambo niliyonayo. Sikuwahi kuona mnyororo ukikatwa. Nimeona shingo ya mama yangu tangu nilipoweza kukaa kitako, na sikuwa nimeitazama mpaka mwaka huu."

"Unaogopa kuchora macho?" mtahini akauliza. "Wengi wanaogopa. Macho ni magumu."

"Nimeyachora. Yalisifiwa. Lakini mtu akijua unamtazama anavaa uso, kama anavyovaa nguo ya kwenda kwa watu. Huku nyuma hakuna anayejivisha. Huku mtu anajisahau."

"Basi unawavizia."

Huko nyuma ya umati mama yake aliacha kujipepea.

"Nilivizia," Kipa akasema. "Mtu mmoja nilimchora bila kumuuliza, nikamuumiza. Picha yake haipo hapa na haitakuwapo. Hawa wote mnaowaona waliulizwa, wakakubali. Lakini sitasema kwamba kwa sababu nilikosea kwa yule basi visogo havifai. Nilikosea kwa kuwa vina uzito. Visingekuwa na uzito, nisingeweza kumkosea mtu kwavyo." Sauti yake ilikuwa imepanda, na hakuishusha. "Mkinipa alama ndogo nitazichukua. Mwaka ujao nitachora ninachokijua tena, na nitauliza kwanza."

Mtahini akasogea kwenye turubai la katikati, akainamisha kichwa. "Hii mistari imepinda."

"Ndiyo. Niliisuka mimi."

Mtahini akaandika kitu, akaenda kwa mwanafunzi aliyefuata, aliyekuwa amechora tai.

Jioni watahini walipoondoka ukuta ukavamiwa. Beki alisimama mbele ya mgongo wake kwa muda, akajaribu kujigeuza ajilinganishe, akashindwa. "Kumbe nikiogopa mnaniona," akasema, nusu kwa hasira. Wachezaji wakamwambia wanamwona tangu zamani. Bibi wa nywele nyeupe hakuweza kuja, ila wajukuu wake walikuja wakamtambua kutoka mlangoni. Mama alisimama mbele ya kisogo chake, akapapasa shingo yake mwenyewe kwa nyuma, pale kwenye mkunjo.

"Hivi ndivyo nilivyo?"

"Ndivyo ulivyo, Mama."

"Nimechoka hivi?"

Kipa akamshika mkono. Mama akamwacha amshike. "Ile ya mbele inabaki pale pale juu ya kioo," akasema baadaye. "Lakini hii usiiuze."

Alama zilipobandikwa, Kipa alikuwa amepita, lakini kwa tundu la sindano. Mtahini wa nje alimpa za wastani, Bwana Mwanga alimpa za chini, na chini ya karatasi kwa mwandiko wa mwalimu palikuwa na maneno: mwanafunzi ana mkono mzuri na kichwa kigumu. Kipa aliyasoma mara mbili. Nusu ya kwanza ilimfurahisha, na ya pili ilimfurahisha zaidi.

Muhula mpya ulipofunguliwa aliingia karakana ya uchoraji na turubai jipya, akaliweka kwenye stendi karibu na dirisha, akaanza. Bwana Mwanga alizunguka darasani kama kawaida yake, akisimama kwa huyu, akimsahihisha yule. Akafika kwake, akasimama. Kwenye turubai kulikuwa na kamba, na juu ya kamba vitu vya kijivu vinavyoning'inia vizito.

"Hiki ni nini?"

"Mataulo ya saluni, Mwalimu. Yameanikwa."

"Mataulo."

"Ndiyo."

Bwana Mwanga akavuta pumzi kama mtu anayetaka kuanza hotuba. Akatazama turubai, akatazama mkono wa Kipa uliokuwa ukiendelea na kazi bila kumsubiri. "Upande huu hayajakauka," akasema mwishowe, akionyesha kwa kidole bila kugusa. "Yanavuta kamba chini zaidi ya hapo."

Kipa akatazama. Ilikuwa kweli. Akachovya brashi, akaishusha kamba, na mwalimu akaenda kwa mwanafunzi aliyefuata.